Karatasi, kazi za muhula, jalada au mdomo: mwalimu wa chuo ampime vipi mwanafunzi?

Katika karatasi 62 nilizosahihisha muhula wangu wa kwanza wa kufundisha utalii hapa Malindi, 11 zilisema Vasco da Gama alitia nanga kwetu mwaka wa 1948. Ni 1498, tarakimu mbili zimepishana. Mmoja akikosea hivyo, ni haraka ya kalamu. Kumi na mmoja wa safu mbili za nyuma wakikosea kosa lile lile, basi kuna mwakenya mmoja, kikaratasi cha kunakilia majibu, uliotembea, na aliyeuandika ndiye aliyekosea wa kwanza. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikalisoma upya swali langu: “Taja mwaka ambao Vasco da Gama alifika Malindi.” Swali ambalo jibu lake linaenea kwenye kikaratasi cha ukubwa wa stempu lilikuwa limewaita wenyewe.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kupima inayowezekana kwa mwalimu wa muda, na nimeona kila moja ikifaulu pahali na kuanguka pahali. Hapa nalinganisha nne: mtihani wa karatasi wa mwisho wa muhula, kazi za muhula, kazi ya vitendo pamoja na jalada (mkusanyo wa ushahidi wa kazi alizofanya mwanafunzi), na mtihani wa mdomo. Najua wengi hatuna uhuru kamili. Katika vyuo vikuu vyetu vingi mgawanyo uliozoeleka ni alama 30 za kazi za muhula na 70 za mtihani, na anayefikisha 40 amepita. Lakini hata 70 ikiwa imefungwa kwa kufuli, yale maswali ni yako, na ile 30 ni yako yote.

Mizani kwanza

Kila njia nimeiuliza mambo matano.

La kwanza ni kama inapima kile ambacho somo liliahidi. Ukurasa wa kwanza wa mtaala una malengo. Lengo likisema mwanafunzi ataweza kuwaongoza wageni ndani ya magofu ya Gede, mji wa kale ulio karibu na Malindi, insha inayohusu kuongoza wageni ni kitu kingine kabisa. Mwaka wa 1996 mtaalamu wa elimu John Biggs aliandika kwamba lengo, ufundishaji na tathmini havina budi kuelekea upande mmoja, na vyuo vingi duniani vimelifuata wazo hilo, angalau kwenye makaratasi. Ndani ya swali hili kuna la lugha, ambalo kwetu halikwepeki. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza watu wanaofikiri kwa Kiswahili na Kigiriama. Mara nyingine alama ya 45 haikupima utalii hata kidogo, imepima Kiingereza.

La pili: je, angesahihisha mwingine, alama ingekuwa ile ile? Mwaka wa 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma nakala za karatasi zile zile za Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi ili wazisahihishe. Karatasi moja ilirudi na alama zilizotofautiana kwa zaidi ya 30 kati ya mwalimu na mwalimu. Watu wakasema ni kwa sababu ya insha, si somo la hesabu. Mwaka uliofuata wakatuma karatasi ya jometri, na pengo likawa kubwa zaidi.

La tatu ni mrejesho: mwanafunzi anarudi nyumbani na nini zaidi ya tarakimu? La nne ni saa na fedha. La tano, mwanya wa udanganyifu.

Mtihani wa karatasi

Unachopima. Watu huubeza kuwa unapima kukariri tu. Si kweli, unapima kile ulichokiuliza. “Taja sababu tano za kuhamwa kwa Gede” hupima daftari. Lakini jaribu hili: “Mgeni anakuonyesha kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa wa Gede, kilichoongezwa kina baada ya kuchimbwa. Mweleze kisima hiki kinaweza kutuambia nini kuhusu kuhamwa kwa mji, na kwa nini hakitoshi kuwa sababu peke yake.” Mwenye mwakenya mfukoni hapa atahangaika sawa na mwenzake. Anatakiwa kujua habari za maji kushuka visimani na mashambulizi kutoka bara, kisha azipime.

Kutegemeka kwa alama. Ni kuzuri kuliko njia nyingine za maandishi marefu, kwa sababu wote wamejibu maswali yale yale kwa saa zile zile. Ila mwongozo wa kusahihishia uandikwe kabla ya mtihani, si baada ya kusoma karatasi ya kwanza na kuipenda. Mimi husahihisha swali la kwanza kwa watu wote, kisha nachanganya karatasi na kuingia swali la pili, na jalada la mbele lenye jina nimeligeuza. Usiku mmoja nilijaribu mpango wa kawaida na mpango huu kwa karatasi kumi. Wale waliokuwa chini ya rundo walipanda. Nilikuwa nawaadhibu kwa uchovu wangu.

Mrejesho. Haupo. Karatasi inakwenda kabatini, mwanafunzi anaona herufi kwenye tovuti, na aliyefeli anajiandaa kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, bila kujua alikosea nini.

Saa. Wanafunzi 120 kwa dakika 15 ni saa 30. Inabebeka.

Udanganyifu. Chumba kina msimamizi, kwa hivyo mwanya ni mdogo kuliko kazi za nyumbani. Hatari kubwa ni karatasi kuvuja kabla ya siku yake, na swali la “taja”.

Nina kisa cha kuitetea njia hii, maana siku hizi imekuwa mtoto wa kambo. Kijana mmoja wa ufukweni alikuwa darasani kwangu, Kiitaliano kinamtiririka kuliko Kiingereza changu, mcheshi, wageni wakimfuata kama kuku na mtama. Kwenye mtihani wa mdomo alitupendeza watahini wote wawili. Karatasi ndiyo iliyomuumbua: Vasco da Gama kwake alikuwa ndiye aliyeijenga Gede, mji uliokuwapo karne kadhaa kabla ya Mreno yeyote kuiona pwani hii. Kumbe hayo ndiyo aliyokuwa akiwauzia wageni kila msimu. Sauti yake ilikuwa imetuziba masikio.

Unamfaa nani: darasa kubwa, mwalimu mmoja, somo lenye maarifa mengi ya msingi ambayo hayana mjadala.

Kazi za muhula

Hapa naweka majaribio ya katikati ya muhula, insha za nyumbani na kazi za vikundi.

Zinachopima. Maendeleo, si hali ya siku moja. Aliyefiwa wiki ya mtihani hapotezi kila kitu. Na majaribio mafupi hufanya kazi ambayo walimu wengi hatuihesabu: yanafundisha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka wa 2006 kwamba wanafunzi waliosoma matini kisha wakajitahini kwa kuikumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kuisoma tu. Jaribio la dakika 15 kila baada ya wiki mbili, lenye alama chache, lina manufaa kuliko mapitio ya saa tatu ya “mnaelewa?” “Tunaelewa, mwalimu.”

Kutegemeka kwa alama. Kunayumba. Kazi za kikundi hasa: kila kikundi kina wawili wanaofanya, mmoja anayepiga chapa, na watatu wa kubebwa. Nimeacha kutoa alama moja kwa kikundi chote. Kila mtu anaandika nusu ukurasa, darasani, kueleza sehemu yake, na nusu ukurasa hiyo ndiyo yenye alama nyingi.

Mrejesho. Hii ndiyo nguvu yake, ikiwa kazi zinarudi mapema. Ruth Butler alichapisha mwaka wa 1988 utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule: waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri, ila kwa waliopewa maoni pamoja na alama, faida ya maoni ikapotea. Wale walikuwa watoto, si watu wazima wa chuo, lakini nimeyaona hayo hayo darasani kwangu. Mwanafunzi akiona 14 kati ya 20, macho yake hayafiki kwenye wino mwekundu. Kwa hivyo sasa narudisha kazi na maoni matatu tu: kilichofaa, kilichopungua, na cha kufanya kwenye kazi ijayo. Alama natoa baada ya siku tatu. Mara ya kwanza walilalamika sana. “Mwalimu, yaani hata hujui tumepata ngapi?”

Saa. Kazi tatu kwa dakika 10 kwa watu 120 ni saa 60, maradufu ya mtihani. Afadhali zimetawanyika. Kwa mwalimu wa muda anayelipwa kwa vipindi alivyofundisha, hizi ni saa asizolipwa, na hapo ndipo ubora unapofia: anatoa kazi tatu, anasahihisha moja, nyingine anakadiria. Bora kazi mbili zenye maoni ya kweli.

Udanganyifu. Hapa ndipo pabaya. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, insha ya kufanyia nyumbani haiwezi tena kusimama peke yake kama ushahidi. Na tusijifanye ni jambo geni. Nchi yetu inajulikana kwa vijana wanaowaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo, na fundi aliyezoea kumshonea mgeni hashindwi kumshonea jirani. Dawa yangu si programu za kunasa, ambazo humshutumu asiye na kosa. Swali langu hufunga mtu mahali: “Nenda soko la zamani siku ya Ijumaa, hesabu maduka ya vinyago, zungumza na wauzaji wawili, leta maelezo uliyoandika kwa mkono ukiwa hapo.” Bado unaweza kudanganya, lakini itakugharimu jasho karibu sawa na kufanya.

Kuna jambo la hapa kwetu pia. Msimu wa wageni ukichanganya, Desemba hadi karibu na Machi, nusu ya wanafunzi wangu wapo hotelini kwa vibarua. Majaribio ya ghafla wakati huo hupima nani ana mzazi wa kumlipia karo. Yatangaze tarehe mapema, au ruhusu jaribio moja lenye alama ya chini kabisa lifutwe.

Zinamfaa nani: darasa la mwaka wa kwanza linalohitaji kuzoeshwa kusoma, na mwalimu mwenye nafasi ya kurudisha kazi ndani ya wiki.

Kazi ya vitendo na jalada

Inachopima. Kutenda. Vyuo vya kiufundi vinavyofuata mitaala ya umahiri, ile iitwayo CBET, vimejengwa juu ya hili: mwanafunzi anakusanya ushahidi wa kazi alizofanya, na asiyefikia kiwango huandikiwa kuwa bado hajafikia, kisha anarudia pale alipopungukiwa. Kwa upishi, uuguzi, umeme, ualimu wa chekechea, sioni namna ya kuikwepa. Huwezi kumpima mpishi wa samaki wa kupaka kwa insha ya samaki wa kupaka.

Kutegemeka kwa alama. Kunategemea jedwali la vigezo, na majedwali mengi niliyoyaona yameandikwa kizembe: “vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu.” Hayo hayamwambii msahihishaji chochote. Kigezo kiseme kinachoonekana: “ameosha mikono kabla ya kugusa samaki mbichi na baada yake.” Matabibu walilitatua tatizo hili kitambo. Mwaka wa 1975 Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, walichapisha mtihani wa vituo: mwanafunzi anazunguka kituo baada ya kituo, kila kituo kina kazi moja fupi na karatasi ya vigezo, na watahini ni wengi, kwa hiyo hakuna mmoja mwenye kushika roho ya mwanafunzi mkononi. Nimeuiga kwa somo la mapokezi ya hoteli. Vituo sita, dakika tano kila kimoja: mgeni aliyekasirika, chumba kilichouzwa mara mbili, simu ya kuweka nafasi, na kadhalika. Darasa la watu 24 lilikwisha asubuhi moja.

Mrejesho. Mzuri, tena papo hapo.

Saa na fedha. Jalada moja kwa dakika 40, watu 120, ni saa 80. Hakuna mwalimu wa muda atakayelisoma la mwisho kama alivyolisoma la kwanza. Na vitendo vina bei: samaki, nazi, gesi, nauli. Chuo kisipotenga fedha, wanafunzi watachangishwa, na atakayeshindwa kuchanga atatazama wenzake wakipika.

Udanganyifu. Barua ya msimamizi wa kazi inaweza kuandikwa na binamu. Picha zinaazimwa. Kwa hivyo jalada lisipimwe bila mazungumzo ya dakika tano na mwenyewe. Mtu aliyefanya kazi hukumbuka harufu yake.

Inamfaa nani: fani za mikono na huduma, darasa lisilozidi kama 30.

Mtihani wa mdomo

Unachopima. Uelewa unaoweza kufuatiliwa. Jibu likiwa na ukungu, unauliza tena. Hakuna njia nyingine inayokupa nafasi hiyo.

Hapa pwani si mgeni kwetu. Neno chuo lenyewe lilikuwa la madrasa kabla ya kuvishwa joho la digrii. Mwanafunzi wa dini hukaa mbele ya sheikh wake, husoma kitabu, huulizwa, hurekebishwa, hurudia, na siku anapopewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha kitabu hicho, ni kwa sababu mtu mmoja anayejulikana amemsikia kwa masikio yake na kuliweka jina lake juu ya umahiri ule. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Shela akisema digrii za siku hizi hazina wa kuzidhamini. Amezidisha, ila ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa nne ni mwalimu gani amewahi kukaa naye robo saa akimuuliza maswali, utaona kwa nini mzee alisema.

Kutegemeka kwa alama. Ndiyo njia dhaifu zaidi kwa upande huu. Kisa cha kijana wangu wa ufukweni nimeshakieleza. Binti mwenye aibu huanguka si kwa ujinga. Malindi nayo ni mji mdogo. Ukiketi kutahini, mmoja ni mtoto wa jirani, mwingine baba yake mmesali safu moja. Kwa hivyo watahini wawili, kila mmoja aandike alama yake kabla ya kusema neno. Maswali ya mwanzo yawe yale yale kwa wote. Na mazungumzo yarekodiwe, mwanafunzi akijua.

Mrejesho. Unategemea dakika mbili za mwisho, ukizitumia.

Saa. Dakika 15 kwa watu 120 kwa watahini wawili ni saa 60 za kazi. Kwa watu 30 ni saa 15.

Udanganyifu. Karibu haupo, ila wa kwanza kutoka huwaambia wanaongoja nje. Andaa seti tatu za maswali.

Kuhusu lugha: pale kanuni za chuo zinaporuhusu, ninamwacha mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili kisha aseme kwa Kiingereza kama angemwambia mgeni. Hapo najua kinachokosekana ni maarifa au ni msamiati. Karatasi haijawahi kuniambia hilo.

Unamfaa nani: tasnifu na miradi ya mwaka wa mwisho, na kuthibitisha kazi iliyofanyiwa nyumbani.

Kwa hali yako

Una darasa la 120, uko peke yako, na matokeo yanatakiwa baada ya wiki mbili: baki na karatasi, lakini tumia jioni moja kuchora jedwali la maswali, mada upande mmoja na aina ya fikra upande mwingine, uone ni maswali mangapi ni ya “taja”. Ukitaka kuongeza maswali ya kuchagua, kumbuka hesabu: maswali 40 yenye majibu manne, asiyejua chochote atapata kama 10 kwa kubahatisha, nawe umemwambia akifika 16 amepita.

Una 30 wa upishi au mapokezi: vituo, pamoja na karatasi fupi ya usalama wa chakula au ya kanuni. Jalada liwe jembamba, kazi tano alizozichagua mwenyewe na sababu ya kuzichagua.

Unafundisha historia au utalii na insha zote zinanukia mashine: hamishia kuandika darasani, acha kukusanya taarifa kufanyike nje, na kwa kila insha ya nyumbani ongeza dakika tano za mdomo kwa mwanafunzi mmoja kati ya watano, wachaguliwe kwa kura mbele ya darasa zima. Hofu ya kura hufanya kazi kubwa kuliko kura yenyewe.

Wanafunzi wako wengi wana vibarua: majaribio mafupi yenye tarehe zilizotangazwa, la chini kabisa likifutwa, na kazi moja ya vitendo inayofanyika pale pale wanapofanya kazi.

Wewe ni mkuu wa idara na unaombwa upandishe ubora bila bajeti: kabla hujabadilisha njia yoyote, wakusanye walimu watano, wape nakala za karatasi moja bila alama, kila mtu asahihishe kimya, kisha muandike alama zenu ubaoni. Leta chai na mahamri, maana mjadala utakuwa mrefu.

Na kama muhula umebakisha wiki tatu na karatasi ya mtihani imeshapelekwa kuchapishwa, usiguse kikubwa. Chukua kazi ya muhula iliyobaki, irudishe na maoni matatu, zuia alama siku tatu, utazame ni wangapi watakaokufuata hadi kwenye stendi ya matatu kukuuliza lile neno la tatu ulikuwa na maana gani.